Kutapika Damu Si Kurogwa

Kazi ya karani wa parokia ni kuandika. Naandika wabatizwa, naandika ndoa, naandika zaka za kila jumuiya, na siku za huzuni naandika wafu. Katika kitabu cha wafu mna nafasi moja nyembamba ya kuandika marehemu alikufa kwa nini. Mimi huwauliza wenye msiba, nao hunijibu, nami huandika kama walivyosema. Basi huku kwetu, kando ya Ziwa Viktoria upande wa kusini, liko jibu moja linalorudi mara nyingi mno: "Alitapika damu." Na wengine wakiisha kusema hivyo hutazama mlangoni kwanza, kisha huongeza kwa sauti ya chini: "Lakini karani, sisi twajua ni mkono wa mtu."

Ni juu ya jibu hilo nataka tuzungumze leo. Mimi si mganga, nilisomea ualimu. Habari hizi nimezipata kwa kuuliza, na kwa kusoma, na kwa kukaa siku nyingi juu ya benchi la hospitali nikimngoja mgonjwa wa kwetu. Mgonjwa huyo nitamwita Mvuvi tu, maana yu hai, na jina lake ni mali yake mwenyewe.

Mvuvi ni mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na watoto wanne. Jioni moja, yapata miaka miwili sasa, alikula ugali na dagaa vizuri kama siku zote. Hakuumwa tumbo, hakuwa na homa. Mara akasikia kichefuchefu, akatoka nje, akainama kando ya ua, akatapika damu. Si mate yenye damu, ndugu zangu. Damu tupu, nyingine nyekundu, nyingine imeganda mapande kama ini la mbuzi, hata mchanga ukalowa. Akatapika tena, akaanguka. Mkewe akapiga yowe, na kijiji kizima kikaja.

Kabla jogoo hajawika jina la shangazi yake lilikuwa vinywani mwa watu. Mama huyu ni mjane, anakaa peke yake, na macho yake ni mekundu kwa sababu amekausha samaki kwa moshi miaka yote ya maisha yake. Tena mwezi uliotangulia alikuwa amegombana na Mvuvi juu ya kipande cha shamba la mihogo. Ushahidi gani mwingine ulitakiwa? Vijana wakaenda kwake wakavunja mlango. Katekista na mwenyekiti wa kitongoji walisimama mbele ya mlango ule uliovunjika mpaka kulipokucha, wala sijui kama walikuwa na silaha yo yote ila vitambi vyao na sauti zao. Asubuhi yule mama alipanda mtumbwi na kapu moja, akaenda kwa binti yake ng'ambo.

Na mimi, mwalimu na karani, nilifanya nini? Sikushika fimbo. Mimi nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Hivi ni vidonda vya tumbo," nikamtuma mtoto dukani kununua vidonge. Basi Mvuvi akalazwa ndani siku moja na nusu, anakunywa vidonge vyangu na uji, huku choo chake kimekuwa cheusi, kinanata kama lami. Hiyo ilikuwa damu ile ile inayoshuka chini badala ya kupanda juu. Wale walikosa kwa ujinga, nami nilikosa kwa elimu ndogo.

Siku ya pili jioni tukampeleka zahanati. Tabibu hakutazama tu kinywa. Alimlaza, akaweka mkono chini ya mbavu za kushoto, akakuta bandama limevimba na kushuka hata karibu na kitovu. Akatuuliza: "Huyu ameoga ziwani tangu utoto?" Tukacheka kidogo, maana ni nani kwetu hajaoga ziwani? Akasema: "Basi huyu hana vidonda. Mishipa yake imepasuka. Ondokeni sasa hivi."

Mishipa gani? Hapa nisikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe si gumu.

Damu inayotoka katika tumbo, utumbo na bandama hairudi moyoni moja kwa moja. Kwanza hukusanyika katika mshipa mmoja mnene, nao huingia katika ini. Madaktari huuita mshipa wa lango. Ini huichuja damu hiyo, hupokea chakula kilichomo, huondoa sumu, kisha huiachilia iende moyoni. Katika damu yote inayoingia kwenye ini, karibu robo tatu hupitia lango hili. Sasa ini likijaa makovu, lango huwa jembamba, na damu haipiti kwa wepesi. Mmeona mlango wa mto unapozibwa na magugu-maji? Maji hayasimami kungoja. Hupanda, hutafuta vijito vya pembeni, huingia hata mashambani. Ndivyo damu inavyofanya. Hurudi nyuma, bandama hujaa na kuvimba, na vimishipa vidogo vilivyo mwisho wa njia ya chakula na juu ya tumbo hulazimishwa kubeba mzigo usio wao. Hunenepa, hujipinda kama mafundo ya kamba, na ngozi yake huwa nyembamba. Siku moja kimoja hupasuka. Kwa kuwa hakuna kidonda wala uvimbe wenye maumivu, mtu hupasukiwa akiwa mzima mbele ya watu, hata usiku uo huo aliokula na kucheka. Nadhani ndiyo sababu watu huona uchawi: ugonjwa mwingine hubisha hodi, huu huingia tu.

Presha hii ya mshipa wa lango si ile inayopimwa mkononi. Mvuvi alipimwa mkononi mara nyingi, akaambiwa yu salama.

Makovu ya ini hutoka wapi? Duniani kuna njia kadha wa kadha. Pombe nyingi ya miaka mingi ni mojawapo, na homa ya ini aina ya B na C ni nyingine, nazo zipo kwetu pia. Lakini kando ya ziwa letu mtuhumiwa wa kwanza ni kichocho cha tumbo. Wengi wetu tukisikia kichocho twafikiri mkojo wenye damu. Huo ni ndugu yake. Huyu wa tumbo hukaa katika mishipa ya utumbo, mdudu wa urefu upatao sentimita moja, dume na jike wamekumbatiana, na aweza kuishi humo miaka mingi. Jike hutaga mayai mamia kwa siku. Mengine hutoka na choo, hufika ziwani, hupasuka, huingia katika konokono wa ufukweni, kisha vidudu vidogo visivyoonekana hutoka katika konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mengine hayapati njia ya kutoka. Hayo huchukuliwa na damu, na damu ya utumbo huenda wapi? Kwenye ini. Huko hukwama, na kila yai huacha kovu lake.

Mdudu wa kichocho aligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Kairo mwaka 1851, katika miili ya wafu aliyokuwa akiichunguza. Alimkuta katika mshipa huo huo wa lango. Na mwaka 1904 daktari mwingine aliyefanya kazi Misri, jina lake Symmers, alikata maini ya watu wa namna hii akaona makovu meupe yamezunguka mishipa pande zote, akayafananisha na mirija ya viko vya udongo vya kuvutia tumbaku. Wazee wetu wanaovuta kiko wataelewa upesi: tundu ni dogo na ukuta ni mnene.

Lakini katika habari hii mbaya imo nzuri moja. Kichocho huziba njia za ini, ila nyama ya ini yenyewe mara nyingi huendelea kufanya kazi yake. Aliyeharibiwa ini na pombe akipasukiwa mshipa, ana maradhi mawili pamoja. Wa kichocho, damu yake ikisimamishwa kwa wakati, aweza kurudi nyumbani na kuishi miaka mingi na kulea watoto wake. Kwa hiyo anayekufa kwa kucheleweshwa kijijini, mara nyingi ni mtu ambaye angeweza kupona.

Sasa tufike hospitali. Sisi tulidhani watampasua. Mama yake Mvuvi alikuwa amekwisha kusema, kama ni kupasuliwa, mwanawe na afie nyumbani. Nao zamani walipasua kweli. Mwaka 1945 madaktari wa New York walianza kuwafungua wagonjwa tumbo na kuuunganisha mshipa wa lango na mshipa mkubwa unaorudi moyoni, ili damu ipite kando ya ini. Damu ilisimama, lakini upasuaji ulikuwa mkubwa, na wagonjwa wengi hawakuwa na nguvu ya kuustahimili. Mwaka 1950 Sengstaken na Blakemore, wa huko huko New York, walitengeneza mpira wenye vibofu viwili, unaoingizwa kupitia puani au kinywani na kujazwa hewa ili kubana mishipa kwa ndani. Hata leo hutumika pale damu inapokataa kabisa kusimama, lakini ni kwa muda mfupi tu wa kusubiria tiba nyingine.

Njia aliyofanyiwa Mvuvi haina kisu. Kwanza walimwekea sindano za maji katika mikono yote miwili, wakachukua damu kuipima, wakatutazama sisi ndugu wakasema: "Nani atatoa?" Tulitoa watatu. Kisha wakampa chupa mbili tu za damu, wakaacha. Tulinung'unika sana. Mjomba wake alisema wazi kwamba damu yetu imeuzwa. Sista mmoja mwuguzi akatueleza kwa upole: mshipa uliopasuka ni kama mfereji uliotoboka, ukiujaza maji mpaka juu, tundu hufunguka upya. Kwa wagonjwa wa namna hii damu huongezwa kiasi cha kumwokoa, himoglobini ifike kama 7 au 8, basi. Wakampa na dawa ya kubana mishipa ya tumbo kwa dripu, na dawa ya kuzuia vijidudu, maana mtu aliyemwaga damu namna hii hushikwa upesi na maradhi mengine.

Kisha wakampeleka chumba cha endoskopu. Wengi hukiita kipimo cha kumeza mpira. Ni mpira mrefu unaopindika, unene wake kama kidole chembamba, na mwisho wake una taa na jicho la kamera. Madaktari hupenda kufanya kazi hii ndani ya saa 12 tangu mgonjwa kufika, akiisha kupata nguvu kidogo. Walimpulizia koo dawa ya ganzi, wakamchoma ya kusinzia, wakamlaza ubavu wa kushoto. Mpira ukashuka. Daktari akaniruhusu nitazame kioo kutoka mlangoni, nami nikaona kwa macho yangu yale mafundo: manne, ya rangi ya zambarau, yamesimama katika njia ya chakula kama mizizi juu ya ardhi, na moja lina alama nyekundu pale lilipopasukia.

Katika ncha ya mpira huvikwa kikombe kidogo, na juu ya kikombe zimepangwa pete ndogo za mpira zilizovutwa. Daktari huifikisha ncha juu ya fundo, huvuta hewa, na fundo huingia katika kikombe kama mtoto anavyonyonya shavu. Kisha huzungusha kigurudumu kidogo kilicho mkononi mwake, pete moja huruka na kulikaba fundo shingoni. Huanza chini karibu na tumbo, hupanda juu. Mvuvi alifungwa pete sita. Kazi yote haikufika nusu saa.

Fundo lililokabwa halipati damu. Baada ya siku chache hunyauka na kudondoka pamoja na pete yake, hupita na choo bila mtu kujua, na mahali pake hubaki kidonda kidogo kinachopona na kuacha kovu. Aliyewahi kumfunga mwana-kondoo mkia kwa mpira, anajua jambo hili bila kufundishwa.

Nilitaka kujua ni nani aliyewaza hivi. Kwanza walikuwako Crafoord na Frenckner wa Stockholm, nchini Sweden, ambao mwaka 1939 waliandika jinsi walivyoichoma mishipa hii dawa ya kuikausha kwa kupitia kinywani. Njia yao ilitumika sana baadaye. Kisha, miaka ya 1980, daktari Greg Stiegmann wa Denver, Marekani, aliwatazama madaktari wa bawasiri. Bawasiri hufungwa kwa pete za mpira tangu zamani. Naye akajiuliza: mishipa iliyovimba huku chini ikifungwa hupona, mbona ile ya juu isifungwe? Akatengeneza kifaa cha kuvika kwenye endoskopu. Mwaka 1992 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha pete na sindano, na wale wa pete walipata madhara machache na walipona wengi zaidi. Tangu hapo pete zimeshika njia. Mimi nimependa kwamba jambo kubwa hivi lilitoka katika ugonjwa ambao watu huona haya hata kuutaja.

Mishipa ikiwa ndani ya tumbo lenyewe, si katika njia ya chakula, pete huweza isitoshe. Hapo huchomwa gundi maalumu inayoganda mara ikikutana na damu. Daktari Nib Soehendra wa Hamburg aliieleza mwaka 1986. Na wale ambao damu yao hurudi na kurudi, iko njia nyingine ya ajabu. Daktari huingia kwa tundu dogo katika mshipa wa shingo, hushuka na waya mwembamba kupitia upande wa kulia wa moyo mpaka katika ini, akitazama kwa picha ya eksirei, hutoboa nyama ya ini mpaka mshipa wa lango, na kuacha humo bomba la wavu wa chuma. Yaani ule upasuaji wa 1945 hufanywa bila kufungua tumbo. Aliyeliwaza ni Josef Rösch, akiwa Los Angeles, Marekani. Alikuwa akitafuta njia za nyongo, sindano yake ikaingia kwa bahati katika mshipa wa lango, naye akaona kwamba mahali pale pangeweza kupitisha njia. Akaandika mwaka 1969. Mtu wa kwanza kuwekewa wavu wa chuma alitibiwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1988. Lakini damu inayopita kando ya ini haichujwi, na wengine huchanganyikiwa akili. Kwetu njia hii bado ni adimu, ingawa tangu 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili kinawafundisha madaktari wa tiba za namna hii zinazoongozwa kwa picha.

Narudi kwa Mvuvi, maana kosa lililo kubwa kuliko yote lilifanyika baada ya yeye kupata nafuu.

Alipotoka hospitali alipewa karatasi: arudi baada ya majuma matatu. Pete za siku ya kwanza husimamisha damu, lakini hazimalizi mishipa. Hurudiwa kila baada ya majuma mawili hadi manne, mpaka mafundo yote yaishe, kisha huangaliwa tena baada ya miezi michache, na baadaye kila mwaka, kwa sababu lango bado limezibwa na vijito vyaweza kuota upya. Alipewa na vidonge vya propranololi vya kunywa kila siku, dawa ya moyo ambayo Lebrec na wenzake wa Ufaransa walionyesha miaka ya 1980 na 1981 kwamba hupunguza kutokwa damu tena. Yote haya aliambiwa. Karatasi niliiweka mimi katika sanduku la parokia isipotee.

Tarehe ilipofika, giza lilikuwa limeingia. Ninyi wa nchi kavu niwaeleze: dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, na siku hizo mvuvi anayelala nyumbani huhesabiwa mvivu. Mvuvi alijiona mzima. Alikuwa ameuza injini ya mtumbwi kulipia matibabu, anadaiwa, watoto wanadaiwa michango ya shule. Akasema: "Nitakwenda mwezi ujao." Mwezi ujao akasema vile vile. Vidonge vikaisha, hakununua vingine. Nami karatasi niliiona sandukuni zaidi ya mara moja, nikafunga sanduku.

Akatapika tena majini, usiku, katikati ya karabai. Wenzake walikata nyavu wakapiga makasia mpaka ufukoni. Safari hii hakuna aliyetaja jina la mtu. Walimlaza ubavu ili damu isimwingie pumzini, hawakumpa uji wala dawa ya mizizi wala vidonge vya karani, wakasimamisha gari la samaki, wakampeleka usiku uo huo, na watu wanne wakaenda naye wa kutoa damu. Aliokoka kwa shida. Akarudi mara ya tatu, na ya nne, na mara ya nne daktari alimwambia mishipa imelala.

Pengine utasema: mbona tabibu wengine hutibu vidonda tu? Ni kweli vidonda hutoa damu pia, na bila kumeza mpira si rahisi kutofautisha. Lakini madaktari wa Bugando, hospitali ile ya mlimani Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1971, waliandika mwaka 2012 juu ya wagonjwa 240 waliofika kwao wakitokwa damu tumboni, na mishipa hii ndiyo iliyoongoza, vidonda vikafuata. Kwa hiyo mtu wa ziwani akitapika damu, usianze na duka la dawa. Na aliyekwisha kuambiwa ana mishipa asinywe aspirini wala diklofenaki wala vidonge vingine vya namna hiyo kwa maumivu bila kumwuliza daktari, na pombe aiache kabisa.

Nina neno moja la kulalamika, mniwie radhi. Mashine hizi ziko katika hospitali kubwa chache, na mtu aliyepasukiwa mshipa hana siku mbili za kusafiri. Tunajenga nyumba za wageni nzuri sana katika miji midogo ya ziwa, hata gari la wagonjwa lenye tairi zima hatuna. Waliochaguliwa na wasome hapa.

Na dawa ya kichocho? Ipo, prazikwanteli, hutolewa shuleni, na kwa watoto wadogo wasiofika umri wa shule Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2024 namna inayowafaa. Huua wadudu, na makovu machanga huweza kupungua. Makovu ya zamani hubaki. Mvuvi alikuwa amekunywa dawa hizo mara mbili ukubwani, akashangaa mbona mishipa imekuja; ilikuwa imeanza kabla. Basi watoto wanywe wangali watoto, tena wawe wamekula, maana kwa njaa huwapa kizunguzungu, na ndipo wazazi husema dawa ni sumu. Nao watarudi majini kesho yake, kwa hiyo kila mwaka tena. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yakikaa katika pipa siku mbili bila konokono, vidudu hufa. Na choo kichimbwe mbali na ufuko; tunaobeba samaki kwenda kuuza hatuwezi kushindwa kubeba jembe.

Shangazi alirudi mwezi wa Februari. Mvuvi mwenyewe alimfuata ng'ambo baada ya safari ya tatu ya hospitali, na yule mama hakuondoka kwa binti yake siku hiyo. Alimwuliza swali moja tu: "Na mlango wangu?" Mvuvi akarudi peke yake, akanunua mbao kwa mkopo, akatengeneza mlango na fremu, kisha akaenda mara ya pili. Vijana waliouvunja ule wa kwanza walichimba mashimo ya nguzo. Mmoja wao hakuja. Shamba la mihogo bado wanagombania.

Tarehe ya Mvuvi ya kuangaliwa tena ni mwezi wa sita. Nimetazama kalenda, itaangukia giza. Karatasi sikuiweka tena sandukuni. Nimeiandika kwa chaki juu ya ukuta wa banda lao la nyavu, na nauli imekwisha kuchangwa.